Koo la mtoto siku ya tatu: nisubiri au nimpeleke hospitali?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 7. Leo siku ya tatu analalamika koo, usiku anachemka, chakula hataki, ila hakohoi wala hana mafua. Duka la dawa wamenipa amoksilini ya siku tatu. Mama mkwe anasema ni kimeo, akakatwe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Mpeleke leo. Kinachonisukuma ni hilo ulilolitaja kwa kupita tu: hakohoi wala hana mafua. Koo linaloambatana na kikohozi, makamasi na sauti kukauka mara nyingi ni la virusi. Antibayotiki hailisaidii, na kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya wiki. Lakini homa bila kikohozi kwa mtoto wa umri huo, tena ukikuta tezi za chini ya taya zimevimba na zinauma, au mafindofindo yana utando mweupe, namshuku bakteria aitwaye streptokokasi.

Koo lenyewe hata akiwa huyo laweza kupona bila dawa. Ninachohofia ni moyo. Wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili inaweza kugeuka ikashambulia maungio na vali za moyo (vile vilango vinavyoelekeza damu), na vali ikishaharibika hairudi ilivyokuwa. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia hayo. Ndiyo maana dozi ya siku tatu hainiridhishi: amoksilini, ambayo ni ya jamii ya penisilini, kwa ugonjwa huu ni siku 10, hata kama mtoto siku ya pili yuko uwanjani anacheza. Au achomwe sindano moja ya benzathini penisilini, yaishe. Kama umeshaanza kumpa dawa, nenda na boksi lake.

Kimeo kiacheni, hakina kosa lolote. Kukikata kumewatoa watoto damu nyingi, na wembe mchafu huleta pepopunda. Mama mkwe mweleze taratibu, nia yake ni njema.

Homa mpunguzie kwa parasetamoli kulingana na uzito, aspirini hapana. Ila akishindwa kumeza hata mate, udenda ukamtoka, akipumua kwa sauti ya kukoroma, mdomo ukakataa kufunguka, au akaongea kama aliyejaza ugali mdomoni, usingoje kupambazuke. Usimchungulie koo kwa kijiko wala usimlaze chali. Mwache akae anavyoona nafuu, mkimbizeni hospitali.