Shangazi, wifi ananiletea mbwa na mimi nina paka

*Shikamoo shangazi. Naishi Chuno, Mtwara, na mume, watoto wawili na mama mkwe. Nina paka wawili na kuku wa kienyeji. Wifi yangu wa Masasi anasafiri wiki tatu, na mume wangu keshamkubalia atuachie mbwa wake bila hata kuniuliza. Mama mkwe, kwa ajili ya udhu wake, ananinunia mimi, binti yake hamwambii kitu. Mimi nawahofia paka. Nikikataa nitaambiwa nina roho mbaya. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Tuanze na mumeo. Aliyekubali ndiye atakayempikia mbwa, kumtembeza alfajiri na kuzoa kinyesi. Mwambie hivyo leo, kwa upole, mkiwa wawili. Sitashangaa akikumbuka ghafla kwamba dada yake ana majirani huko Masasi.

Mbwa akija kweli, ulizia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na uulizie sasa, usingoje siku anashushwa kwenye gari. Mbwa asiyewahi kuchanjwa hapati kinga siku ya sindano. Huchukua karibu mwezi. Paka wako nao wachanjwe, kichaa huwapata pia. Dawa ya minyoo na ya kupe, wifi ampe mbwa wake kabla ya safari, kwa fedha yake.

Mama mkwe usibishane naye. Sisi wa pwani tumelelewa kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa alale uani, awe na sufuria yake, na ndoo ya maji ya udhu ifunikwe, ikae ndani. Mweleze mama mpango huo mapema. Kununa kwake kwa sababu ya mbwa wa binti yake ni kwao wenyewe, usijitwike.

Sasa paka. Watu humbeba paka wakamsogeza usoni kwa mbwa eti wasalimiane. Utachanika mikono bure. Siku za mwanzo wasionane kabisa. Chukua kitambaa alicholalia mbwa, kiweke karibu na sahani ya dagaa ya paka. Wakishakula bila kukijali, waonane kwa mbali, mbwa akiwa kwenye kamba mkononi mwa mumeo. Hapo mtazame mbwa kuliko paka. Akiganda, shingo mbele, macho hayapepesi, ukimwita hageuki, mrudisheni uani. Akinusa hewa kisha akageukia kipande cha nyama mkononi mwa mumeo, mnakwenda vizuri. Paka wawe na pa kupandia, kabatini au juu ya paa la jiko, maana paka akitimua mbio hata mbwa mpole hufukuza. Na mbwa na paka wasiachwe pamoja bila mtu, hata wiki ya tatu.

Kuku ndio watakaokutia hasara. Wiki tatu hazitoshi kumfundisha mbwa kwamba kifaranga si mchezo. Wafungie bandani kila anapofunguliwa, na mkubaliane na wifi mapema: tetea akiliwa, analipa bei ya sokoni.

Watoto wasimsogelee mbwa akila. Akiuma au akikwaruza mtu, hata kama ana cheti, osheni jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mbio Hospitali ya Ligula.

Wifi akisema cheti hana, na mwezi wa kungoja kinga haupo, jibu ni hapana, na alitamke mumeo, dada ni wake.