Kwa fundi anayeanza kazi ya shokapu: gari la michezo kwenye barabara za Kusini

Korosho zikishauzwa, gereji za Mtwara hupokea Altezza, Mark X na Impreza WRX ambazo wenyewe wamezinunua Dar es Salaam wakazileta kwa barabara ya Kilwa. Lalamiko huwa lilelile: "Fundi, gari linanivunja kiuno, nibadilishie springi." Wewe uliyeingia kazini mwaka huu, nakuomba usikimbilie springi. Mteja anakuletea maumivu, kutafuta chanzo ni kazi yako, na mara nyingi chanzo kiko mahali ambapo hakukuagiza uguse.

Shika hili kabla ya lolote: gari linastarehesha pale gurudumu linapopata nafasi ya kupanda na kushuka, na shokapu ikaweza kuutuliza mwendo huo. Ulaini wa springi unafuata baadaye. Gari lililoshushwa mpaka matairi yamezama ndani ya mudgadi halina nafasi hiyo. Gurudumu likipanda kidogo tu, shokapu inafika kwenye ile raba ya kikomo iliyo juu ya rodi (kile chuma kinachoingia na kutoka kwenye mwili wa shokapu), uzito wa gari unaiangukia raba, na mgongo wa dereva unapokea pigo. Yeye atasema springi ni ngumu. Ukimfungia laini zaidi na ukaliacha gari kwenye kimo kilekile, utakuwa umemwongezea maumivu, kwa sababu springi laini inabonyea upesi na itaifikia raba mapema kuliko ile ya mwanzo.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza, na uulize kwa utulivu. Linauma wapi, na linauma vipi? Likipiga pigo moja kali kwenye tuta, shuku raba. Likitetemeka muda wote hata kwenye lami nzuri, angalia upepo, matairi na bushi, yaani zile raba za kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Likivuka bonde kisha likaendelea kudunda, shokapu imekufa. Na kama gurudumu moja likiingia shimoni kichwa cha dereva kinatupwa kushoto na kulia, huenda aliyemuuzia alifunga stabilaiza nene kuliko ya kiwandani, maana kazi ya stabilaiza ni kuyaunganisha magurudumu mawili, na pigo la moja linahamia kwa mwenzake.

Halafu nenda naye barabarani, yeye aendeshe, wewe ukae pembeni. Kabla ya kutoka, funga tai nyembamba ya plastiki kwenye rodi ya kila shokapu unayoweza kuifikia, uisukume mpaka ikae juu ya mwili wa shokapu. Mkitoka kwenda Mikindani mkapita matuta, kisha kipande chochote cha vumbi nje ya mji, zile tai zitakuwa zimesukumwa juu na zitabaki pale gurudumu lilipofika. Ukizikuta zimebanwa kwenye raba, umeshapata jibu bila kufungua nati hata moja. Hakuna kifaa cha gharama ndogo kinachonifurahisha kuliko hiki, maana hata mteja anaona kwa macho yake na mabishano yanaisha.

Kwenye upepo sitakaa sana. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na hupimwa matairi yakiwa ya baridi. Matairi mengi hujazwa kwa mazoea, na tairi lililojaa kupita kiasi linaruka juu ya kila kokoto.

Ukubwa wa rimu unahitaji maelezo zaidi. Chukua Altezza yenye matairi ya 215/45R17. Ukuta wa tairi hilo, yaani ile raba iliyo kati ya rimu na barabara, una takriban milimita 97. Ukimfungia rimu za inchi 16 na matairi ya 205/55, ukuta unafika milimita 113. Kipenyo cha jumla kinatoka kama milimita 625 kwenda 632, tofauti ya asilimia moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kusumbua. Milimita 16 za raba na hewa zinapunguza makali ya mashimo kuliko wateja wanavyotarajia, na rimu ndogo mara nyingi ni nyepesi, hivyo shokapu inapata kitu chepesi cha kutuliza. Jaribisha kwanza rimu moja ya mbele uone kama inaipita kalipa ya breki, kisha ndipo anunue zote.

Springi zilizokatwa utakutana nazo sana. Mtu anataka gari liwe chini, fundi fulani anakata mzunguko mmoja, na wote wawili wanaamini kimo peke yake ndicho kilichobadilika. Sivyo. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiiondolea mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na wakati huohuo umeinyang'anya nafasi ya kubonyea. Ikiwa imekatwa au kushushwa kwa moto wa gesi, chuma kimepoteza ugumu wake wa kiwandani na kinaweza kuvunjika. Hiyo usiitengeneze. Mwambie mwenye gari anunue nyingine, pea ya mbele au pea ya nyuma, kamwe isiwe moja.

Tena usikubali kulainisha nyuma peke yake kwa sababu abiria wa nyuma ndio wanaolalamika. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, alionyesha miaka ya 1930 kwamba safari hutulia springi za nyuma zikipanda na kushuka haraka kidogo kuliko za mbele. Tuta linagonga mbele kwanza. Nyuma ikianza kwa kuchelewa lakini ikienda haraka, inaifikia mbele na gari zima linatulia pamoja. Ukiilegeza nyuma kupita kiasi, gari litainama na kuinuka kama mashua.

Sasa koilova, zile shokapu zenye springi za kurekebisha kimo. Zingine zina ringi ya kukaza springi na sehemu ya chini inayozungushwa peke yake ili kupandisha au kushusha gari. Vijana wengi huilegeza ringi ya springi wakidhani wanailainisha. Ugumu wa springi hauguswi na ringi hiyo. Kinachobadilika ni kimo, na mahali gurudumu linapoanzia safari yake kati ya kikomo cha juu na cha chini. Tumia sehemu ya chini kurudisha kimo, sentimita mbili au tatu tu, na utaona tofauti. Kisha njoo kwenye kitufe cha juu chenye hatua, kile kinachorekebisha ugumu wa shokapu yenyewe. Kizungushe mpaka mwisho wa ugumu, uhesabu hatua zote hadi ulaini wa mwisho, uandike. Anzia upande laini, ongeza hatua mbili, endesha, ongeza tena, mpaka gari likivuka bonde linapanda mara moja na kutulia. Hapo simama. Aliyekaza zaidi ya hapo anapata tatizo lingine: kwenye barabara yenye mawimbi shokapu inachelewa kuirudisha springi, wimbi la pili linafika kabla gurudumu halijashuka, na gari linazidi kukaa chini mpaka linagonga raba. Mteja atarudi akisema koilova ni mbovu.

Jambo la bushi ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linafanywa vibaya hata na mafundi wazoefu. Bushi nyingi za mikono ya chini zina raba iliyogandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Ukiikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, kisha ukalishusha, raba inabaki imejipinda muda wote. Inafanya gari liwe gumu, inapasuka mapema, na pesa ya mteja imekwenda bure. Zipachike bolti kwa kulegea, teremsha gari likanyage chini kwa uzito wake, au inua mkono kwa jeki mpaka kimo cha kawaida, ndipo ukaze. Na anayekushawishi uweke bushi za plastiki ngumu kwenye gari la kutembelea, mkatalie. Hizo zinafaa uwanja wa mashindano, hapa zitampelekea dereva kila mtetemo.

Chumvi ya bahari imeharibu rodi nyingi huku kwetu. Gari linalolala Shangani karibu na maji, lifute rodi na uziangalie kwa tochi: ukiona vidoa vya kutu, sili itakatwa na oili itavuja, hata shokapu ikionekana nzima leo. Usifungue gari kabla spea hazijafika mkononi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, na gari lililofunguliwa siku kama hizo linabaki juu ya mawe.

Na hili nakuomba kama mdogo wangu wa damu. Nati ya juu ya shokapu usiilegeze kabla springi haijabanwa kwa vibano viwili vizima, vinavyotazamana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na jeki peke yake haitoshi kukulinda, weka stendi. Atakayekuharakisha asubiri nje.

Ukishamaliza, peleka gari kwenye alaimenti, maana kimo kikibadilika magurudumu nayo yamebadilisha mwelekeo na yatakula matairi kwa ndani. Mwambie mwenye gari arudi baada ya wiki mbili. Springi mpya hushuka kidogo, kwa hiyo pima upya kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudgadi pande zote nne, ukaze nati, na uangalie zile tai za plastiki zimefika wapi safari hii.