Jina la kikoa kwa tovuti ya watu wazima: mteja si msomaji wake pekee

Mleta mada ameuliza kama tovuti yake ya watu wazima aisajili kwa jina lenye neno la wazi la ngono chini ya .xxx, au achukue jina la kawaida chini ya .com, na akaongeza kwamba kuna jina la zamani, lililoachwa na mwenyewe, ambalo sasa linapigwa mnada. Nimesimamia usajili wa majina ya vikoa, yaani anwani za tovuti, na seva za tovuti za aina hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona kazini. Ushauri wangu ni .com, jina lisilopiga kelele, na lile la mnadani alichunguze kwanza kabla ya kutoa fedha yoyote.

Biashara nyingine huchagua jina kwa kumfikiria mteja. Katika biashara hii jina husomwa pia na benki, na kampuni inayopokea malipo ya kadi, na msajili wa kikoa, yaani kampuni inayokuuzia jina, na mamlaka inayomiliki kiishio, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho, na vichujio vya mitandao ya ofisi. Na yeyote kati ya hao anaweza kukufungia mlango bila mteja kujua sababu. Ndiyo maana sipendi majina yanayotaja tendo lenyewe. Barua pepe za risiti zinazotoka kwenye kikoa cha namna hiyo huishia kwa urahisi kwenye barua taka, na mteja asiyeona risiti huanza kulalamika.

Suala la malipo ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Anayelipa kwa kadi huona jina fulani kwenye taarifa yake ya benki, na mara nyingi jina hilo ni la kikoa chenyewe. Likiwa la wazi mno, na taarifa ikasomwa na mwenzake wa ndoa, njia rahisi ya kujinusuru ni kuiambia benki kwamba hakufanya malipo hayo. Benki humrudishia fedha, na tovuti inabaki na doa. Madai hayo yakizidi kiwango, Visa na Mastercard huiweka biashara chini ya uangalizi, na mwisho wake unaweza kuwa faini au kukatiwa huduma. Hata hivyo jina lisilofanana na chochote nalo lina hatari yake, kwa sababu mteja asipolitambua atalikana kwa nia njema kabisa. Linalofaa ni jina ambalo aliyelipa atalikumbuka, na aliyechungulia hataambulia kitu.

Kuna maneno ambayo hayapaswi hata kujadiliwa: yoyote yanayodokeza utoto, kulazimishwa au ulevi unaomwondolea mtu hiari yake. Mastercard ilikaza masharti yake mwaka 2021 na kudai kwamba umri, utambulisho na ridhaa ya wanaoonekana kwenye picha vithibitishwe. Jina lenye dokezo la utoto linaweza kukwama kwenye ukaguzi hata kama kila aliyemo ana miaka 30, na mimi naona ni haki likwame.

Vivyo hivyo, usiguse jina linaloegemea umaarufu wa mwingine. Wengi wanakumbuka whitehouse.com, iliyokuwa tovuti ya watu wazima kwa miaka mingi huku ikipokea watu waliokuwa wakiitafuta Ikulu ya Marekani. Tangu mwaka 2003 sheria ya Marekani inaliita kosa la jinai kutumia jina la kikoa kwa makusudi ya kumhadaa mtu aingie kwenye picha chafu asizozitaka, na adhabu ni kali zaidi anayehadaiwa akiwa mtoto. Upande wa alama za biashara kuna utaratibu wa mwaka 1999 wa ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya vikoa duniani, unaomwezesha mwenye alama kulitwaa jina bila kwenda mahakamani, akionyesha kwamba linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kuweka ngono chini ya jina la kampuni mashuhuri kumehesabiwa mara nyingi kuwa ushahidi wa hiyo nia mbaya.

Sasa .xxx. Kiishio hiki kilipitishwa mwaka 2011 baada ya mabishano ya miaka mingi, na baadhi ya wapinzani wake wakubwa walikuwa wenye tovuti za watu wazima wenyewe, waliohofia kukusanywa mahali pamoja ili iwe rahisi kuwazuia. Hofu hiyo ina mantiki ya kiufundi: msimamizi wa mtandao anaweza kukifunga kiishio kizima kwa amri moja. Baadaye vilikuja .porn na .adult, na kasoro ni ile ile. Tena .xxx kwa kawaida huuzwa ghali kuliko .com. Fedha zikitosha, lichukue kama mlinzi tu, limwelekeze mtu kwenye .com yako.

Viishio vifupi vya nchi vinavutia macho, lakini kila nchi ina masharti yake. Mwaka 2010 mamlaka ya .ly ya Libya ililifuta jina vb.ly, huduma ya kufupisha viungo, yaani anwani ndefu za kurasa za mtandaoni, iliyokubali viungo vya mambo ya watu wazima, kwa maelezo kwamba ilikiuka sheria za nchi hiyo. Huduma yenyewe haikuwa hata na video.

Kuhusu tahajia, kumbuka kwamba watazamaji wengi wa tovuti hizi hawahifadhi anwani wala hawamwombi rafiki awakumbushe. Hufungua dirisha la faragha na kuandika jina kwa kumbukumbu, kila mara upya. Kwa hiyo vistari, tarakimu na tahajia za mbwembwe vinakugharimu kuliko vinavyomgharimu muuza viatu. Nunua pia kosa moja au mawili ya tahajia yanayotabirika, la sivyo matapeli watayanunua.

Hilo la mnadani, anza na kumbukumbu za Internet Archive, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, ili uone lilibeba nini, kisha liangalie kwenye orodha za watumaji wa barua taka na kwenye ripoti ya uwazi ya Google, inayoonyesha vikoa vilivyolalamikiwa kwa kukiuka hakimiliki. Kama liliwahi kuwa la shule, kanisa au michezo ya watoto, liache hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu viungo vya zamani bado vitawaleta watoto mlangoni pako.

Ukishalipata, lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, si la fundi aliyekutengenezea tovuti. Gary Kremen alisajili sex.com mwaka 1994. Mwaka uliofuata Stephen Cohen alilichukua kwa barua ya kughushi aliyoipeleka kwa msajili, na kesi ilichukua miaka hadi mahakama ikaamuru fidia ya dola milioni 65. Washa kufuli la kuzuia uhamisho na uthibitisho wa hatua mbili, na barua pepe ya akaunti isiwe kwenye kikoa hicho hicho. Taarifa zako zifichwe kwa umma, lakini ziwe za kweli, maana taarifa za uongo zinaweza kuwa sababu ya jina kufutwa.

Kabla ya yote hayo hakikisha kwamba sheria za unakoishi zinaruhusu biashara yenyewe, kwani ziko nchi ambako ni jinai. Kisha mpelekee mpokea malipo wako majina mawili au matatu akujibu kwa maandishi ni lipi atalikubali, soma masharti ya msajili na ya mwenye seva, na usajili siku hiyo hiyo unapopata jibu, kwa muda mrefu unaoumudu; .com hukubali hadi miaka 10 kwa mara moja.