Mlango wa tangi la ukutani si wa kulishia samaki

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tunamalizia nyumba na nimeacha uwazi kwenye ukuta wa sebule kwa ajili ya tangi la samaki wa maji baridi. Vipimo vya tangi ni urefu sm 240, upana wa mbele kwenda nyuma sm 75, kimo sm 70. Nyuma yake ni bafu, kwa hiyo kazi yote itafanyika kwa mbele. Seremala anasema kimlango cha sm 20 juu ya kioo kinatosha kulishia, kioo nitasafisha kwa sumaku mbili zinazoshikana, moja ndani moja nje ya kioo, na uchafu mwingine bakteria wataumaliza wenyewe. Nimwache aendelee?

JIBU: Msimamishe leo hii, kabla hajakata ubao hata mmoja.

Matangi ya ukutani ninayoitwa kuyaokoa, karibu yote yana kimlango hichohicho. Anayekichora huwa amemfikiria mwenye nyumba akinyunyiza chakula jioni, wageni wameketi, basi. Kulisha ni kazi ya nusu dakika. Kama ni hilo tu, usiweke mlango kabisa, toboa tundu upitishe bomba. Mlango ni wa siku pampu imekwama, jiwe limelalia kioo, mzizi umeziba njia ya maji, au samaki mkubwa amefia nyuma ya mawe na maji yameanza kunuka.

Siku kama hiyo niliwahi kuipata kwenye nyumba moja nzuri sana, ukuta wa jipsamu, kimlango cha sm 18. Nilipanda kwenye ngazi, nikaingiza mkono hadi kwapani. Shavu limebanwa ukutani, macho yanatazama dari, vidole vinapapasa mawe nisiyoyaona. Kichwa hakipiti, na bila kichwa kupita huoni mkono wako unagusa nini. Nilichokishika mwishoni hakikuwa samaki bali waya wa hita. Tuliishia kukata jipsamu kwa msumeno, vumbi lote likadondokea majini.

Chukua kalamu sasa. Seremala wako amepima upana wa tangi akasahau unene wa ukuta. Ukuta ukiwa na sm 15 pamoja na plasta, bega lako linabaki nje, na mkono una sm 15 za ukuta, kisha sm 75 za tangi, huku ukishuka sm 70 kwenda chini. Mstari wa mshazari kutoka begani hadi pembe ya chini nyuma ni kama sm 114. Mkono wa mtu mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole, ni sm 70 hivi. Zimebaki sm 44 ambazo hutazifikia maisha yako yote, na ni hukohuko nyuma ndiko uchafu unakojikusanya.

Kwa hiyo uwazi juu ya tangi unapimwa kwa kichwa na bega. Mkono utapita tu. Mimi siweki chini ya sm 45 kutoka ukingo wa kioo hadi juu, na nikipata 50 nachukua. Uende urefu wote wa tangi, sm 240 kamili, ukigawanywa milango mitatu ya sm 80, na nguzo za kati ziwe za kung'oka. Milango ya kuinuka juu ndiyo ninayoipenda, ile inayoshikiliwa na shokapu za gesi kama buti la gari; ya kufunguka pembeni hukupiga kiwiko kila ukigeuka.

Stendi nayo ishushwe. Wengi huipandisha ili samaki waonekane hata na aliyesimama, kisha ukingo wa tangi unafika kimo cha paji la uso. Ukingo ukiwa sm 140 kutoka sakafuni, ukipanda kistuli imara cha sm 45 unabaki sm 95, yaani kiunoni. Hapo unainama, bega linaingia ndani, macho yanatazama maji kwa juu.

Na hizo sm 75 zipunguze, najua hutapenda. Ukifanya upana 60 na kimo 60, bega likiingia sm 30 kupita uso wa ukuta, pembe ya mbali inabaki kama sm 75. Mkono na koleo fupi vinamaliza kazi. Utapoteza takriban lita 400 kati ya 1,260. Lita usizoweza kuzifikia si zako hata hivyo.

Kabla ya kulipia kioo, fanya jaribio. Tengeneza boksi la katoni la vipimo vya tangi, liweke juu ya meza zilizopandishwa hadi kimo cha stendi, bana katoni nyingine mbele yake iwe ukuta wenye uwazi uliochorwa, kisha tupa sarafu pembe ya nyuma. Panda kistuli uiokote. Awepo na seremala, aiokote yeye kwanza.

Taa usiigongomelee juu ya maji, maana itakuwa ndiyo kitu cha kwanza kukuzuia. Iwe kwenye reli, uisukume nyuma unapofanya kazi. Weka feni ndogo inayotoa nje hewa ya nafasi hiyo iliyo juu ya maji, la sivyo unyevu utapata pa kukaa: jipsamu italainika, mbao za MDF zitavimba, na ukungu utaota upande usiouona. Bawaba za chuma cha kawaida zitaota kutu. Soketi zikae juu na pembeni, kamwe si chini ya tangi. Kila waya ulegee ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone liangukie hapo chini badala ya kuufuata hadi kwenye umeme. Mwambie fundi umeme aweke breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Hilo halina mjadala.

Kuhusu sumaku. Inasafisha kioo cha mbele, sikatai, hadi siku punje moja ya mchanga itakaponaswa katikati, na kuanzia hapo kila unapoivuta unachora mstari kwenye kioo ambao hautoki. Na haing'oi mwani ulioganda pembeni kwenye silikoni, wala haifiki nyuma ya mawe. Halafu bakteria! Hao nimechoka kuwasikia. Kazi yao ni kugeuza amonia ya kinyesi na mabaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Naitreti haiendi popote. Mimea hunyonya kiasi, iliyobaki inarundikana mpaka utoe maji machafu na kuweka mapya, kwa mpira na ndoo, wiki baada ya wiki. Wanaouza vichupa vya "tangi lisiloguswa" hawajawahi kuniambia naitreti hiyo wanaipeleka wapi. Na huo mpira lazima upite mahali, tena ushikwe na mtu anayeona ananyonya nini.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye, kimlango kikishashindwa. Fundi wa kubahatisha anaitwa, anaona mikanda ya kioo iliyogundishwa juu ya tangi, ule wa katikati unaounganisha mbele na nyuma, anasema "huu ndio unaobana mkono" na anaukata. Maji yenye kimo cha sm 70 yanasukuma kioo cha mbele cha mita 2.4 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 590, usiku na mchana. Mkanda ule ndio unaozuia kioo kupinda. Ukiukata, kioo kinatuna kidogo ambacho jicho halioni, silikoni inavutika, na siku itakapoachia, itakuta hakuna mtu nyumbani. Nafasi inaongezwa kwenye ukuta. Kioo hakiguswi.

Vilevile ukuta usikalie tangi. Uzito wa juu ubebwe na linta, ile boriti iliyo juu ya uwazi, na tangi lisimame peke yake kwenye stendi yake, likizungukwa na mwanya wa sm 1 au 2 pande zote. Nimekuta matangi yaliyopigwa plasta hadi kwenye kioo ili "yaonekane yamezaliwa na ukuta". Nyumba inapotulia kidogo tu, na nyumba zote hutulia, uzito unahamia kwenye kioo. Mwanya ufichwe kwa fremu ya kushikiza kwa skrubu au sumaku (huku ndiko sumaku inakofaa), itoke kwa dakika tano.

Chini nako, mlango wa kabati la chujio (lile tangi dogo chini ya tangi kuu linalosafisha maji) uwe mpana kiasi cha kulitoa lote zima. Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka: kwenye tangi la 240 kwa 60, kila sm 1 ni lita 14 na ushee, kwa hiyo likishuka sm 3 tu unahitaji nafasi tupu ya lita 43 kwenye tangi la chini, ama sivyo ziko kwenye zulia.

Seremala akikuletea mchoro mpya, muulize swali moja: silikoni ikivuja baada ya miaka kadhaa, tangi hili linatoka vipi? Likitoka ukutani, linapinda wapi ili lifike nje? Kipande cha sm 240 hakikunji kona ya korido. Mpe tepu aanzie hapo, mlango wa mbele mpaka sebuleni, halafu ndipo mrudi kwenye vimlango.