Camogli: anzia bandarini

Wengi wanaokwenda pwani ya Liguria, Italia, hukimbilia mji wa kitalii wa Portofino na kuupita mji mdogo wa Camogli wakiwa ndani ya treni. Sisi tunakushauri ushuke hapo, na ukiweza ulale usiku mmoja.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa kutoka Genova igonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini hata kama nauli umelipa. Kituo chenyewe kinaitwa Camogli-San Fruttuoso, na jina hilo hupoteza wageni: San Fruttuoso iko upande wa pili wa mlima, haina barabara ya gari.

Shuka ngazi hadi bandarini. Ni padogo, lakini katika karne ya 19 mji huu ulimiliki mamia ya merikebu za matanga, nyingi zikibeba nafaka kutoka Bahari Nyeusi. Mwaka 1853 wenye vyombo walianzisha bima ya pamoja: chombo kikizama, hasara iligawanywa kwa wanachama wote, hivyo hata mtu wa mtaji mdogo aliweza kuthubutu. Meli za mvuke ndizo zilizowashinda.

Ukiwa gatini, angalia majumba marefu yaliyobanana mbele ya bahari. Baadhi ya madirisha yamechorwa tu kwa rangi, pamoja na vivuli vyake. Ukitaka kuyatambua, rudi saa nyingine: kivuli cha dirisha la kweli kitakuwa kimesogea.

Kati ya mji na rasi ya Punta Chiappa hutegwa tonnarella, mtego wa nyavu wa kuanzia Aprili hadi Septemba. Nyavu zake husukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi. Anayejua wando, ule uzio wa kunasia samaki, ataelewa haraka: samaki anayefuata ufuo hukutana na ukuta wa wavu, hugeukia kina kirefu, na huko ndiko kilipo chumba cha kumnasa. Urithi huu wa wavuvi ni wa kuthaminiwa kuliko duka lolote la Portofino.

San Fruttuoso, yenye abasia, yaani monasteri ya kale, na makaburi ya Doria, ukoo wa watawala wa Genova, ni kama nusu saa kwa boti. Sanamu ya shaba ya Kristo iliyozamishwa hapo mwaka 1954 iko kina cha mita 17 hivi; ni ya wapiga mbizi. Bahari ikichafuka boti hazitoki, kwa hiyo ulizia boti ya mwisho ya kurudi kabla hujaondoka. Kwa miguu, pitia San Rocco na Pietre Strette, ukitenga muda wa saa tatu. Njia ya pwani ina minyororo ya kushikilia kwenye majabali. Usiipite na watoto, wala baada ya mvua.

Jumapili ya pili ya Mei samaki hukaangwa bandarini katika kikaango chenye kipenyo cha karibu mita 4. Vyumba hujaa, wahi kukodi. Na ufuo ni wa kokoto, kwa hiyo beba viatu vya kuogelea.