Anti, kwani kujitolea baharini ng'ambo kunalipiwa?

Mwezi huu barua zenu nyingi zimekuwa za bahari, na karibu zote zimetoka hapa Nairobi, kilomita karibu 500 kutoka maji ya chumvi. Nimefurahi sana. Nimechagua tano.

Habari Anti. Nina miaka 24, naishi Umoja, nilimaliza digrii ya mazingira mwaka jana na bado natafuta kazi. Nimepata mradi Indonesia, wanataka watu wa kujitolea wapige mbizi wasaidie kupanda matumbawe kwa wiki sita, lakini wanaitisha zaidi ya dola 3,000 na tiketi ya ndege ni juu yangu. Kwani kujitolea kunalipiwa? Nafikiria kuchukua mkopo kwa sacco ya mamangu. Kuogelea najua kidogo, kupiga mbizi bado, wamesema watanifundisha hukohuko. – Msomaji, Umoja

Mdogo wangu, huo mkopo wa mama usiuguse. Tuanzie hapo.

Kulipia ni kawaida na si lazima iwe utapeli. Mitungi inajazwa hewa kila siku, boti inakula mafuta, mwenye kukufundisha majina ya samaki analipwa, wewe unalala na kula pale, na miradi mingi haina mfadhili mwingine isipokuwa hao hao wanaojitolea. Kwa hivyo bei peke yake hainishtui. Kilichonishtua ni hapo mwisho, ati watakufundisha hukohuko. Mtu ambaye hajawahi kupumua chini ya maji akipelekwa kwa matumbawe, sehemu kubwa ya hizo wiki sita atakuwa mwanafunzi tu, na matumbawe ndiyo yatamlipia karo. Mgeni wa mbizi anapanda na kushuka bila kutaka, anarusha miguu, anashika chochote kilicho karibu asizame zaidi. Na yale matumbawe makubwa ya mviringo mengi yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, sasa fikiria teke moja la mapezi limeharibu miaka mingapi.

Acha nikuambie kazi yenyewe ilivyo maana picha za matangazo hazionyeshi. Chukua mfano wa Reef Check, shirika lililoanza 1996 la kufundisha watu wa kawaida kupima afya ya miamba ya matumbawe. Mnatandika utepe wa mita 100 juu ya mwamba, mnapima vipande vinne vya mita 20 kila kimoja. Mmoja anahesabu samaki, chewa, changu, pono, vitatange, mkunga akichungulia shimoni, lakini wale tu walio ndani ya mita tano za upana na mita tano za kimo, wa nje hata akiwa mkubwa namna gani hahesabiwi. Mwingine anafuata utepe na kila nusu mita anaandika kilicho chini ya hiyo alama: tumbawe hai, tumbawe lililokufa juzi, mwani, mchanga, mawe, kifusi. Hizo ni alama 160, unaandika na penseli kwa kibao cha plastiki, mawimbi yanakusukuma huku na huku na hutakiwi kugusa chochote. Na kwenye kitalu cha matumbawe, pale vipande vinapolelewa kabla ya kupandwa, siku nyingi si za kupanda, ni za kusugua mwani kwa kamba na fremu na brashi ndogo kama ya meno, kichwa chini miguu juu, saa nzima. Ni kazi nzuri na muhimu kabisa, lakini inataka mtu aliyetulia majini.

Kwa hivyo utulivu huo upate hapa kwetu kwanza, halafu usafiri ukiwa na kitu cha kuwapa. Nadharia na mazoezi ya bwawani unaweza kuyafanyia hapa Nairobi, kisha unashuka pwani kufanya zile mbizi nne za baharini za cheti cha kwanza, kile PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, wanakiita Open Water, kinakuruhusu mpaka mita 18. Nenda wakati wa kaskazi, Novemba mpaka Machi hivi, maji ni masafi na bahari imetulia, ukienda wakati wa kusi utapigwa na mawimbi na hutaona kitu na utachukia mbizi bure. Baada ya hapo usikimbilie cheti kingine, zama tu, zama Diani, zama Watamu, hadi uweze kukaa sehemu moja bila kupiga mguu wala mkono.

Na ukishafika hapo angalia pia nyumbani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa 1968, ndizo za kwanza Kenya. Kuruwitu kule Kilifi wanakijiji wenyewe walitenga tengefu yao, sehemu ya bahari ambayo hakuna kuvua, samaki wakarudi, na 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Shimoni na Wasini kuna watu wanapanda matumbawe pamoja na BMU za huko, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia ufuo. Ukiwa na cheti, digrii ya mazingira na Kiswahili cha kuongea na mvuvi, uko na kitu ambacho mgeni aliyelipa dola 3,000 hana. Andika barua, piga simu, nenda uonekane.

Ukitaka ng'ambo bado, anza karibu. Tanzania unavuka bila viza, kuna Mafia ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na kuna Chumbe hapo Zanzibar. Shelisheli pia si mbali. Na kabla hujatuma hata shilingi waulize: wanataka mzamiaji wa kiwango gani, takwimu zinaenda kwa nani na zimewahi kubadilisha nini, wenyeji wangapi wameajiriwa na wako vyeo gani, wana oksijeni kwenye boti, chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji, kile cha karibu, kiko wapi. Uliza pia kama wana nafasi ya bei nafuu ya watu wa nchi zetu, baadhi wanazo na hawazitangazi sana. Mradi wa maana unajibu haya siku hiyo hiyo na kwa furaha. Wakianza kukuzungusha, ama wakitaka utume pesa kwa simu ya mtu binafsi, achana nao.

Anti, mi ni mwalimu wa jiografia Kahawa West. Wanafunzi waliniuliza nikakosa jibu: kama bahari inazidi kupata joto, kupanda matumbawe si ni kupoteza wakati? Mtu asafiri mpaka nchi za watu akapande kitu kitakachokufa?

Mwalimu, hilo swali hata wanasayansi wanabishania, kwa hivyo wape wanafunzi hongera.

Waambie hivi. Tumbawe ni mnyama, mdogo sana, na ndani ya mwili wake anaishi mwani unaotumia mwanga wa jua kumtengenezea chakula. Maji yakizidi kile kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto kwa kama digrii moja tu, na yakae hivyo wiki kadhaa, mnyama anautoa ule mwani nje, rangi inaenda, anabaki mweupe. Joto likishuka mapema anaweza kupona. Likikaa sana anakufa njaa. Mwaka 1998 ilitokea kote Bahari ya Hindi, visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai, na pwani yetu iliumia vibaya, CORDIO, shirika la utafiti wa bahari pale Mombasa, walianza 1999 kwa sababu ya hiyo hasara. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba dunia iko kwa wimbi la nne la matumbawe kuwa meupe. Na ile ripoti ya 2018 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inasema dunia ikiongeza joto la digrii 1.5 kuliko kabla ya enzi ya viwanda tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, ikifika 2 ni zaidi ya 99.

Sasa angalia upande wa kupanda. Kisiwa cha Cousin, Shelisheli, shirika la Nature Seychelles lilianza mradi 2010, wazamiaji wakiwemo wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakalea vipande kwenye vitalu vya chini ya maji na kupanda zaidi ya 24,000. Miaka ya kazi ngumu, na eneo lililofunikwa ni kama nusu hekta, yaani ekari moja na kitu. Kwa hivyo hapana, kupanda hakutaokoa bahari nzima na mtu akikuuzia safari kwa maneno hayo usimwamini. Inachofanya ni kurudisha uhai sehemu moja, samaki wapate pa kukaa, na kuhifadhi yale matumbawe yaliyoonyesha yanavumilia joto ili yaendelee kuzaa.

Mimi nikiulizwa, nasema kuhesabu kuna faida kuliko kupanda. Mwamba ambao haukokotwi wavu wa juya, hauletewi maji machafu, na bado una pono wa kula mwani, una nafasi nzuri zaidi ya kurudi baada ya joto kuliko mwamba uliochoka. Lakini ili serikali ama kijiji kikubali kufunga sehemu, mtu lazima alete namba za mwaka huu na za mwaka uliopita na za mwaka uliotangulia, zilizohesabiwa kwa njia ile ile. Hapo ndipo mzamiaji wa kujitolea ana kazi ya kweli, na ndiyo maana nasisitiza awe anajua kuhesabu.

Anti shikamoo. Msichana wangu wa miaka 19 anataka kujifunza kupiga mbizi aende kujitolea Shelisheli. Alikuwa na pumu akiwa mtoto, saa hizi ni mara moja moja tu. Anasema kwa ile fomu ataandika hana shida yoyote ndio wasimkatae. Mimi silali. – Mama, Buruburu

Marahaba mama. Hapo mzuie, na mwonyeshe hii.

Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya juu. Hewa unayovuta huko imebanwa, na ukipanda inatanuka, ile iliyojaa mapafu mita 10 ikifika juu inataka nafasi mara mbili. Mtu mwenye afya nzuri anapumua kawaida akipanda na inatoka yenyewe, ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mbizi ni usizuie pumzi kamwe. Mwenye pumu anaweza kuwa na njia ndogo za hewa zilizojifunga bila yeye kujua, hewa inakwama hapo, inatanuka, pafu linapasuka. Chini ya maji hakuna dawa ya kuvuta.

Lakini mama, si kwamba ndoto yake imeisha. Fomu ikijibiwa ukweli, kinachofuata ni daktari. Atampima mapafu, pengine kabla na baada ya mazoezi, na kuna wenye historia ya pumu wanaoruhusiwa. Tafuta daktari anayeelewa mambo ya mbizi, uliza shule ya mbizi ikuelekeze. Akisema hapana, hiyo miradi inahitaji pia watu wa kuingiza takwimu, wa kufundisha shule za kisiwani, wa kuogelea juu na maski na mrija wakipiga picha. Akisema ndiyo, akate bima ya wazamiaji hasa, bima nyingi za safari hazigusi ajali za mbizi. Na akiwa na mafua asizame, masikio hayatafunguka.

Anti, makaratasi tu: nahitaji nini? – Msomaji, Rongai

Pasipoti yenye zaidi ya miezi sita, cheti cha njano cha homa ya manjano kilichochanjwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri, cheti cha mbizi na kitabu chako cha kumbukumbu za mbizi. Kwa viza waulize ubalozi moja kwa moja, na uwaambie wazi kwamba unaenda kujitolea, maana nchi nyingine zinahesabu hiyo kama kazi na viza ya utalii haitoshi. Usikubali mradi ukuambie "sema tu unatalii".

Anti, nimeanza kozi Diani. Jumapili nitazama mara mbili, ya mwisho saa sita mchana, na Jumatatu asubuhi niko kazini Upper Hill. Naskia kupanda ndege baada ya mbizi ni hatari, kwa hivyo nitapanda SGR ya usiku. Hiyo iko sawa? – Msomaji, Kitengela

Haiko sawa, na nashukuru umeuliza maana watu wengi wa Nairobi hawalijui hili.

Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa inaingia kwa damu na misuli. Ukirudi juu inatoka polepole, inachukua masaa mengi. Mgandamizo wa nje ukishuka haraka kabla haijatoka, inafanya mapovu mwilini kama soda ikifunguliwa, viungo vinauma, miguu inakufa ganzi, wengine wanapooza. Ndege ni hatari kwa sababu inakupeleka juu, na mwili haujali kama umepelekwa juu na ndege ama na treni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Miongozo ya kusafiri baada ya mbizi inaanza kuhesabika kuanzia kama mita 600, kwa hivyo ukishapita Mtito Andei ukiendelea kupanda, wewe tayari uko kwa hesabu hiyo. Barabara ni vivyo hivyo, basi, matatu, gari lako.

Kanuni ni angalau masaa 12 baada ya mbizi moja, na 18 ukiwa umezama zaidi ya mara moja ama siku kadhaa mfululizo. Wengi wanangoja 24 na mi nakushauri hivyo. Kwa hivyo mwombe mwalimu azisogeze hizo mbizi mbili, mmalize Jumamosi saa sita mchana, Jumapili ukae tu Diani ama uvuke Likoni uone mji, halafu usiku upande treni pale Miritini. Kama mwalimu hawezi kusogeza, basi zungumza na bosi wako wiki hii uombe ruhusa ya Jumatatu. Na ukishafika nyumbani ukisikia kiungo kinauma bila sababu, ama ganzi, ama kizunguzungu, hata kama ni siku ya pili, nenda hospitali na kitu cha kwanza kuwaambia ni kwamba ulikuwa umepiga mbizi.