Anzia Bwawani Kabla ya Kununua Darubini

Kijana mmoja wa Michenzani, hapa mjini Unguja, ameniandikia akitaka kujua anunue darubini gani ili awaongoze wageni wapenda ndege, nami namjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mna hamu hiyo hiyo.

Mimi nilianza bila darubini. Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nikienda kwenye matete ya Bwawani, nikisimama jua likiwa mgongoni, nikiwatazama minana wakisuka viota. Dume huchana ukanda mwembamba wa jani la tete, hurudi nao mdomoni ukipepea, kisha huupenyeza na kuuvuta mpaka ukaze, na kunguru yuko juu ya waya wa umeme akimngojea aondoke. Kunguru hao waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na hadi leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Hilo nililiona kwa macho yangu kabla sijalisoma popote.

Hata hivyo, nilipoomba kazi katika kampuni moja ya utalii, mwenye kampuni aliniambia mbele ya watu kwamba mtu wa hapa humjua ndege akishanasa kwenye ulimbo. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Juzi nilitembea na wageni waliotoka msitu wa Ngezi, Pemba, kumwona ninga wa kule, ambaye hapatikani kwengine duniani. Nikamtaja kuku ziwa kwa sauti tu, akiwa bado ndani ya matete, na alipojitokeza mkubwa wao akaniomba nipange safari yao ijayo. Nilijivunia, wala sioni haya kusema.

Basi, mdogo wangu, jifunze sauti kwanza. Amka mapema, uwe na daftari, na urudi pale pale kila mara, maana mgeni hawezi kumwamini mtu katika msitu wa Jozani ikiwa ndege wa mtaani kwake hawajui. Sauti, nakwambia tena. Msimu wa kaskazi, sululu na vitwitwi kutoka Ulaya na Asia wakiwa wamejaa pwani, nenda Maruhubi maji yakijaa, hasa siku za bamvua, yaani maji makubwa, kwa kuwa maji huwasogeza karibu. Utamwona sululu akimtikisa kaa mpaka miguu imtoke, ndipo ammeze. Darubini ya kukuza mara 8, yenye lenzi za milimita 42, itakutosha, na iliyotumika haina ubaya.